Maziwa ya Milimani na Mifupa ya Watoto

Mtu asimamaye katika mji wa Morogoro akaelekeza uso wake kusini huona ukuta wa milima uliosimamishwa bila fundi, chini kijani, juu samawati, na utosini aghalabu umefunikwa wingu. Hiyo ndiyo Milima ya Uluguru. Kimhandu, kilele chake kirefu kuliko vyote, kimepita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua iletwayo na pepo za Bahari ya Hindi hugonga ubavu wa mashariki wa milima hiyo ikawa vijito, vijito vikawa mito, na mmoja wa mito hiyo, Ruvu, huwanywesha watu wa Dar es Salaam ambao wengi wao hawakupata kuiona chemchemi yake. Milima imetoa maji. Imetoa ndizi, maharage, kabichi na viazi, hata matunda ya nchi za baridi. Kitu kimoja ambacho kwa karne nyingi haikukitoa, wala kwa wana wake wenyewe, ni maziwa.

Sababu zake hazikufichika. Waluguru ni wakulima tangu jadi, na ardhi yao ni mabonde na miteremko ambayo ng'ombe hapati uwanda wa kuzungukia. Katika nchi ya chini iliyoizunguka milima, mbung'o walizuia mifugo isikae mahali pengi. Mbuzi walikuwapo, lakini mbuzi wa kienyeji alifugwa kwa nyama, kwa sherehe, kwa tambiko na kwa akiba ya siku ya dhiki. Maziwa yake machache yalikuwa haki ya mwanawe. Kwa hiyo mtoto wa milimani alinyonya kwa mama yake, na alipoachishwa ziwa alikabidhiwa kwa uji wa mahindi. Mwendo wa siku chache tu kutoka hapo, katika mbuga za Morogoro zilizo kavu, Waparakuyo walichunga ng'ombe na mtoto wao alikunywa maziwa kabla hajajua kutamka jina lake. Hivyo watu wawili walitazamana, mmoja toka juu na mmoja toka chini. Mmoja alijua maziwa kuwa ni chakula, na mwingine aliyajua kuwa ni jambo la jirani.

Katika maduka ya Morogoro leo kuna makopo ya maziwa ya unga yaliyoandikwa kwa herufi nzuri kwamba yametiwa vitamini D kwa ajili ya kuimarisha mifupa ya watoto. Mama mwenye fedha kidogo husimama mbele ya kopo hilo na kufikiri. Ahadi iliyoandikwa pale ni ya kweli, lakini ni ahadi iliyosafiri. Ilizaliwa katika nchi nyingine, chini ya anga nyingine, kwa sababu ya maradhi yaliyokuwa na historia yake. Haifai kuipima kwa haki pasipo kwanza kuifuata nyuma mpaka ilikotoka.

Maradhi yenyewe ni matege. Mifupa ya mtoto inayokua huwa laini, hailishikilii vema umbo lake. Miguu hujipinda kwa uzito wa mwili, vifundo vya mikono huvimba, mbavu huota mafundo kama ya tasbihi. Mwaka 1650 tabibu Mwingereza Francis Glisson aliyaandikia maradhi haya kitabu kizima, na kwa karne mbili na nusu zilizofuata yaliongezeka kwa kadiri viwanda vilivyoongezeka. Moshi wa makaa ya mawe ulifunika miji. Vichochoro vilikuwa vyembamba. Watoto wa maskini walikua katika vyumba vya giza. Wachache walisema mapema kwamba dawa iko angani. Jędrzej Śniadecki wa Poland aliandika mwaka 1822 kuwa watoto wa mjini walipata matege na wa shamba hawakuyapata, akapendekeza jua. Mwaka 1890 Theobald Palm, mganga mmishenari aliyekuwa amefanya kazi Japani, aliyapanga maradhi hayo juu ya ramani ya dunia akaona kuwa yanafuata upungufu wa jua, wala hayafuati umaskini wa chakula peke yake. Hawakusikilizwa sana. Ni ajabu ndogo ya elimu kwamba jambo lililoonwa na macho lilingoja miaka mia moja mpaka lionwe na mizani.

Mizani ilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Edward Mellanby wa Uingereza aliwalisha watoto wa mbwa uji wa shayiri ndani ya nyumba, wakapata matege, akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaponya watoto wa watu kwa taa ya miale isiyoonekana. Katika Vienna iliyokuwa na njaa, Harriette Chick na wenzake walionyesha kuwa jua na mafuta ya samaki hufanya kazi ile ile. Elmer McCollum wa Marekani alikipa kitu hicho herufi ya D mwaka 1922, na mwaka 1924 Harry Steenbock wa Wisconsin aligundua kwamba chakula chenyewe kikiangazwa kwa miale hiyo hupata nguvu ya kuponya. Kuanzia miaka ya 1930 maziwa ya Marekani yalitiwa vitamini D, na kiwango kilichozoeleka kikawa vipimo 400 katika kila chupa ya karibu lita moja. Matege yaliyokuwa yamejaa mijini yakapungua mpaka wanafunzi wa udaktari wakawa wanayasoma kwa picha.

Hapa pana jambo ambalo kopo halisemi. Maziwa ya ng'ombe kwa asili yana vitamini D kidogo sana. Hayakuchaguliwa kwa kuwa nayo. Yalichaguliwa kwa kuwa kila mtoto wa Kimarekani aliyanywa kila siku, na kwa kuwa yalikuwa tayari yamebeba kalsiamu, yaani yale madini ya chokaa ambayo mfupa hujengwa nayo. Kazi ya vitamini D ni kuufungulia mlango wa matumbo ili chokaa iingie mwilini. Katika nchi zile chokaa ilikuwa imefika mlangoni na ufunguo haukuwapo. Wataalamu wakautia ufunguo ndani ya mzigo wenyewe. Akili hiyo ilikuwa nzuri, nayo ilifaa kwa nchi hizo.

Haikukosa madhara ilipopita kiasi. Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitia vitamini D katika maziwa ya unga ya watoto, katika nafaka zao, na juu ya hayo ikagawa mafuta ya samaki. Mapema katika miaka ya 1950 matabibu waliona watoto wachanga waliokataa kula, waliotapika, waliokonda, na damu yao imejaa chokaa kupita kadiri. Mwaka 1957 wakubwa wa afya wa nchi hiyo waliamua viwango vipunguzwe. Ufunguo nao, ukizidi, huharibu kufuli.

Maziwa ya msaada yaliingia Afrika katika zama hizo hizo. Mwaka 1952 J. F. Brock na M. Autret walitoa taarifa yao juu ya kwashiakoo katika Afrika, ugonjwa ambao Cicely Williams alikuwa ameueleza kutoka Gold Coast katika miaka ya 1930, na ambao madaktari wa Kampala, Hugh Trowell miongoni mwao, walikuwa wakishughulika nao. Dunia iliamini kwamba Afrika ina upungufu wa protini, na Marekani ilikuwa na ghala zilizojaa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Shida moja ikakutana na ziada moja. Kwa mkono wa shirika la UNICEF na misheni mbalimbali, maziwa hayo yalifika katika zahanati za Afrika ya Mashariki, na mama aliyekuja na mtoto mgongoni alirudi na unga mweupe katika karatasi.

Lakini maziwa yakiondolewa mafuta huondolewa pia vitamini zikaazo katika mafuta, A na D. Upungufu wa A ulikuwa wa hatari, kwa maana hupofusha macho, na penye watoto waliodhoofika haukuwa upungufu wa kuvumiliwa. Basi katika miaka ya 1960 maziwa ya msaada ya Marekani yakaanza kutiwa vitamini A, na D ikatiwa pamoja nayo. Yamkini huu ndio mlango ambao maziwa yenye vitamini D yaliingilia katika vijiji vingi vya tropiki. D ilikuja kama abiria aliyempata mwenzake mwenye safari ya haraka akapanda naye. Swali la kama watoto wa tropiki walikuwa na haja nayo halikuwa na nafasi ya kuulizwa mezani.

Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa mstari wa ikweta. Katika nchi kama Uingereza kuna miezi kadhaa ambayo jua, hata likionekana, huwa limelala chini mno angani, na miale yake haiwezi kutengeneza vitamini D katika ngozi ya binadamu. Morogoro haina mwezi wa namna hiyo. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe ili ipate kiasi kile kile. Lakini muda huo mtoto achezaye uani anao, na mtoto afuataye mama yake kondeni anao zaidi. Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake walitangaza vipimo vya damu vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania waishio kwa desturi zao. Wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Katika nchi nyingi za kaskazini tabibu huridhika akiona 50. Watu hawa hawakuwa wamekunywa kopo lolote lililotiwa kitu. Wahadzabe, ambao ni wawindaji na waokota matunda, hawafugi hata ng'ombe. Waliokuwa nacho ni jua.

Basi kama jua latosha, kwa nini matege hayakuisha Afrika? Jibu lililo wazi kuliko yote lilitoka Nigeria. Katika mji wa Jos na viunga vyake, ambako jua halina ubahili, watoto wengi walikuwa na miguu iliyopinda. Mwaka 1999 Tom Thacher na wenzake walieleza walivyowagawa watoto 123 wenye matege katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipewa vitamini D kwa kiasi kikubwa, la pili lilipewa kalsiamu, la tatu lilipewa vyote viwili. Baada ya wiki 24, katika waliopewa vitamini D peke yake waliokuwa wamefikia kipimo cha kupona walikuwa asilimia 19; katika waliopewa kalsiamu walikuwa 61, na katika waliopewa vyote viwili 58. Chakula cha watoto wale, wagonjwa na wazima, kilikuwa na kalsiamu ya miligramu 200 hivi kwa siku, na wataalamu wa lishe duniani hupendekeza 500 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Jos ilikuwa Vienna iliyogeuzwa. Vienna ufunguo ulikosekana na mzigo ulikuwapo. Jos ufunguo ulikuwa unaning'inia mlangoni na mzigo haukufika. Tena imefahamika kwamba mwili unaokosa chokaa huitumia vitamini D yake upesi zaidi, hata hiyo iliyopatikana bure kwa jua ikapungua.

Turudi milimani tukiwa na mizani hii mkononi. Chakula cha Uluguru ni ugali wa mahindi, ndizi, maharage, mihogo, na mboga za majani. Gramu 100 za unga wa mahindi hazifikishi miligramu 20 za chokaa. Tena nafaka na maharage vina kitu kiitwacho faiteti kinachoishika hata hiyo kidogo isiingie mwilini. Mchicha unayo chokaa ya kutosha, lakini una tindikali iifungayo kama mtu afungaye mlango akaondoka na ufunguo. Aliyejaliwa hapo ni dagaa. Mtu hula samaki huyu mdogo pamoja na mifupa yake, na gramu 100 za dagaa wakavu hupita miligramu 1,000 za kalsiamu. Thacher na wenzake, katika jaribio jingine lililotangazwa mwaka 2015, waliwaponya watoto wa Nigeria kwa unga wa samaki waliosagwa na mifupa, na kwa unga wa chokaa ya mawe, na vyote viwili vilifaa. Muuza dagaa wa soko la Morogoro hajaandika neno lolote la tiba juu ya fungu lake. Angeweza.

Katika nchi yenye chakula cha namna hiyo, maziwa yanapofika hayafiki kama anasa. Kikombe cha robo lita ya maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe kina miligramu 300 hivi za kalsiamu, zaidi ya nusu ya haja ya mtoto wa miaka miwili, nayo ni kalsiamu ambayo mwili huipokea bila mabishano. Kwa hiyo jambo kubwa katika historia ya mifupa ya watoto wa Uluguru halikutoka katika maabara ya vitamini. Lilipanda mlima kwa miguu minne.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984 chini ya milima hiyo, mahali palipokuwa na chuo cha kilimo tangu mwaka 1965 na baadaye kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari katika mkoa huo huo tarehe 12 Aprili 1984. Sokoine alikuwa Mmasai, mwana wa watu wa maziwa. Chuo chenye jina lake, kwa msaada wa Norway, kilikuwa na mbuzi wa maziwa wa Kinorwe, na kuanzia mwaka 1988 mbuzi hao na machotara wao walipelekwa kwa wakulima wa Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, katika vijiji vya miteremko ambako baridi huwafaa wanyama wa asili ya kaskazini. Mbuzi wa kienyeji alikuwa na maziwa ya kumtosha mwanawe. Chotara huyu alitoa lita moja kwa siku, pengine zaidi. Alifungiwa katika banda lililoinuliwa juu ya ardhi, akaletewa majani, na samadi yake ikaanguka chini ikachukuliwa kwenda kwenye kabichi.

Mtu asiyeijua Uluguru angedhani kwamba kugawa mbuzi ni kazi nyepesi. Milima hii ina kumbukumbu ya mambo mema yaliyoletwa kwa amri. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kulima matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ilielezwa kuwa njema, na udongo kweli ulikuwa ukienda na maji. Lakini kazi ilikuwa nzito, mavuno ya matuta mapya yalikuwa mabaya mahali pengi, na aliyekataa alitozwa faini. Mwezi wa Julai 1955 hasira iliwaka Matombo, askari wakafyatua bunduki, mtu mmoja akauawa, na mradi ukazikwa. Mbuzi alikuja kwa njia nyingine. Aliyetaka alimchukua, asiyetaka alimtazama kwa jirani. Mtu alimwona jirani akikamua, akaonja, akauliza bei. Wafugaji wakaja kuunda chama chao cha ushirika, Twawose, na maziwa yakaanza kugandishwa na kuuzwa. Maziwa ya mgando, kama yalivyo mtindi wa watu wa mbugani, huwafaa hata watu wazima ambao matumbo yao hayakuzoea maziwa mabichi. Na hawa ni wengi miongoni mwa jamii za wakulima. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa ulijengeka katika Afrika ya Mashariki kwa maelfu ya miaka miongoni mwa wafugaji, kama Sarah Tishkoff na wenzake walivyoonyesha mwaka 2007. Mtoto mdogo hana shida hiyo. Karibu kila mtoto wa binadamu huzaliwa na uwezo huo, ndipo wengine huupoteza wakikua.

Haifai mbuzi huyu asifiwe kupita haki yake. Maziwa yake yana upungufu wa foleti, na mtoto mchanga akilishwa hayo peke yake hupata upungufu wa damu. Kwa miezi sita ya kwanza ziwa la mama halina mshindani. Tena maziwa ya mbuzi asiyepimwa yaweza kubeba maradhi, nayo sharti yachemshwe. Wala urefu wa mtoto hauamuliwi na chokaa pekee. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, na ule wa mwaka 2022 ulikuta 30. Kudumaa huko kuna mikono mingi: kuhara, malaria, uji mwepesi, mama aliyefanya kazi nzito akiwa mjamzito. Anayesema kikombe kimoja cha maziwa kitauondoa mzigo wote huo ana bidhaa ya kuuza.

Tanzania kwa upande wake ilikwisha kuingia katika njia ya kurutubisha vyakula. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Chumvi ilitiwa madini joto, na rovu zilizokuwa zikining'inia shingoni mwa watu wa nyanda za juu zikapungua. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza mafuta ya kula yatiwe vitamini A, na unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Katika orodha hiyo maziwa yenye vitamini D hayamo, na walioiandika hawapaswi kulaumiwa. Waliangalia nini kimepungua hapa, hawakunakili kilichopungua Boston. Taabu ya orodha ni nyingine. Kanuni huushika unga unaopita kiwandani. Mwanamke wa Mgeta au wa Matombo huchukua mahindi yake mwenyewe katika debe, akayapeleka kwenye mashine ya kijijini, akarudi na unga wake. Unga huo haukupita mbele ya mkaguzi yeyote. Kama kesho serikali ingeagiza maziwa yote ya viwandani yatiwe vitamini D, mtoto wa mwanamke huyo asingejua kwamba sheria imetungwa.

Hata hivyo jua si mali isiyopotea. Desturi zenyewe zinaweza kulificha. Miongoni mwa Waluguru na jirani zao Wazaramo, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, na zamani kukaa huko kulichukua miezi mingi, hata miaka. James Brain aliyeandika juu ya unyago wa Waluguru mwaka 1978 aliueleza kuwa ni kuzaliwa mara ya pili. Mwali alitoka amenawiri na ngozi yake imekuwa nyeupe kidogo, nayo ilihesabiwa kuwa uzuri. Umri huo ndio mifupa inapokua kwa kasi kuliko wakati wowote baada ya utoto. Katika Kashmir daktari Kathleen Vaughan aliona wanawake waliotawishwa wakipata ulaini wa mifupa, nyonga zikajikunja, na uzazi ukawa wa mauti. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1928. Desturi ya mwali mwenye kukaa ndani muda mrefu imekwisha kufupishwa na shule. Lakini mji umeleta utawa wake usio na ngoma: mtoto wa nyumba ya kupanga isiyo na ua, anayelindwa na dada wa kazi nyuma ya mlango uliofungwa tangu alfajiri mpaka wazazi warudi, ni mwali wa miaka miwili.

Wako na wengine ambao jua halikuwafikia kwa sababu hawakuwa wamepata nafasi. Mwaka 1999 matabibu wa Dar es Salaam walitangaza kwamba miongoni mwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana, wakanyonya maziwa ya mama tu, maradhi ya mifupa yalikuwa mengi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati amekosa zile wiki za mwisho ambazo mama humpa mwanawe chokaa kwa wingi, na maziwa ya mama, ambayo kwa mtoto aliyetimia hayana kifani, hayawezi peke yake kulipa deni hilo. Kwa hawa vitamini na madini vya hospitali si mambo ya kuigiza Wazungu. Ni dawa, nayo hutolewa kwa kipimo na kwa mkono wa mjuzi.

Kwa hiyo makopo yale ya dukani yana mahali pake, napo ni padogo kuliko pale yanapopadai. Mama wa Mgeta aliye na mbuzi bandani ana chokaa. Mwanawe akicheza uani ana vitamini D, na hatozwi senti. Asiye na mbuzi lakini ana fungu la dagaa hayuko mbali naye. Shida ipo kwa yule asiye na hiki wala kile, na shida ya pili ipo ndani ya nyumba ya mwenye mbuzi mwenyewe. Maziwa yalipopata soko yalipata thamani, na kitu chenye thamani huondoka nyumbani. Fedha za maziwa hununua daftari, chumvi, bati la paa, wakati mwingine hununua hata dagaa. Lakini wakati mwingine huishia mkononi mwa baba, na mama aliyekata majani na kukamua huulizwa mbona mtoto hakui. Hesabu inayohitajika si kubwa. Katika lita moja ya siku, robo yatosha kumpa mtoto wa miaka miwili zaidi ya nusu ya chokaa yake. Lita kasorobo yaweza kwenda sokoni. Na kabla ya mgao huo wote yuko mwana-mbuzi aliyefungwa kwa kamba pembeni, ambaye naye analia akidai fungu lake, na mfugaji mwenye akili humpa kwanza, kwa maana yeye ndiye maziwa ya mwaka kesho kutwa.